Usimpime kwa Alichokwisha Kujua

Mtoto wa miaka 8 anayekulia Igombe au Kayenze, huku Mwanza kandokando ya Ziwa Victoria, anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishajaa mitumbwi hupumzika. Watoto wote wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wanalijua hilo kama wanavyojua njia ya kwenda kuteka maji. Lakini mmoja wao ataenda mbele zaidi. Atahesabu siku kutoka giza hadi giza, atakuambia ni 29 au 30, halafu atauliza: kwa nini wavuvi wasinunue taa kubwa ya kuushinda mwezi? Huyo ndiye wa kumtazama kwa makini. Na mara nyingi huyo huyo, ukifungua ripoti yake, utakuta ameshika nafasi ya 34.

Sisi tunaofundisha madarasa ya chini kandokando ya ziwa tulichelewa kuelewa jambo hili. Kwa miaka mingi mtoto mwenye kipaji kwetu alikuwa yule mwenye mwandiko mzuri, daftari safi, anayenyoosha mkono na kujibu kile kile mwalimu alichosema jana. Huyo ni mtoto mzuri wa shule, na tunampenda, lakini huenda ana kipaji na huenda hana. Kipaji kinaonekana katika mwendo: mtoto anajifunza kwa kasi gani akipewa msaada kidogo tu, na anakipeleka wapi alichojifunza baada ya wewe kunyamaza. Ukimpima kwa alichokwisha kujua, utakuwa umepima nyumba alikotoka, vitabu alivyokuta sebuleni na mwalimu aliyemtangulia.

Hata wapimaji wakubwa waliteleza hapa. Alfred Binet, Mfaransa aliyetoa kipimo chake cha akili mwaka 1905 akiwa na mwenzake Théodore Simon, alitaka kuwapata watoto waliohitaji msaada shuleni. Hakukusudia kuwapanga watu kwa madaraja maisha yao yote. Baadaye Lewis Terman, kule California, alianza mwaka 1921 kuwatafuta watoto wenye akili nyingi kwa kipimo cha namna hiyo, akakusanya zaidi ya 1,500. Wavulana wawili walipimwa wakaonekana hawafiki: William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, na Alvarez mwaka 1968. Leo wengi huweka mstari wa kipaji kwenye alama 130 za kipimo cha akili, ambapo wastani ni 100, na wanaovuka mstari huo ni kama 2 katika kila watoto 100. Kwa hiyo darasa lenye watoto 90 linaweza kuwa na mmoja au wawili. Lakini mstari wenyewe ni wa kuchorwa na mkono wa mtu, na mtoto wa 128 hana tofauti ya maana na wa 131.

Ushahidi unaotuhusu zaidi umetoka huku huku kwetu. Watafiti waliokuwa na Robert Sternberg, mwanasaikolojia wa Marekani, walikwenda Usenge, upande wa Kenya wa ziwa hili, wakawapima watoto 85 wa miaka 12 hadi 15 ujuzi wao wa dawa za miti: jani gani ni la tumbo, mzizi gani ni wa homa, na kiasi gani. Wakawapima pia msamiati na maarifa ya darasani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba waliojua zaidi dawa walielekea kupata alama za chini katika mambo ya shule. Sababu si ngumu kuiona: muda na bidii ya mtoto vinakwenda kule ambako watu wake wanaona pana faida. Wajaluo wenyewe, wa Usenge na hata hawa wa Rorya upande wa Tanzania, hawana neno moja tu la akili. Wana rieko (ujuzi na maarifa), luoro (heshima), winjo (kuelewa namna ya kukabili jambo la maisha) na paro (kuwaza na kuanzisha). Shule hutazama rieko peke yake, tena kipande chake.

Kisha kuna kazi waliyoifanya Bagamoyo, iliyotolewa mwaka 2002, na hii ndiyo iliyotufungua macho. Watoto 358 wa miaka 11 hadi 13 walipewa mafumbo, kisha baadhi yao wakafundishwa mbinu ya kuyafumbua kwa muda usiofika saa moja, kisha wote wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda, na mpangilio wao ukabadilika: aliyekuwa juu mara ya kwanza hakuwa lazima juu mara ya pili. Saa moja ilitosha kufichua watoto ambao kipimo cha kwanza kiliwazika.

Tangu hapo tunapima, tunafundisha, tunapima tena. Vifaa ni vizibo vya soda na vitu vya nyumbani, na namna yenyewe ni hii.

Kwa kipimo cha kwanza, mpe mtoto vizibo 60. Akiwa chini ya miaka 7 mwache avichezee dakika 5 kwanza, la sivyo atachezea wakati wewe unauliza. Panga mbele yake mafungu manne: 1, 3, 6, 10. Mwambie apange mafungu mawili yanayofuata. Jibu ni 15 na 21, lakini jibu si jambo kubwa. Muulize, “Umejuaje?” na uandike maneno yake kama yalivyotoka. Wengi watakisia. Wengine watasema “unaongeza 2, halafu 3, halafu 4”, na hao wameona kanuni. Sasa ondoa vizibo vyote mezani, umuulize fungu la 10 litakuwa na vizibo vingapi. Mtoto mwenye kipaji cha hesabu huwa hapendi kujumlisha mfululizo. Anatafuta njia ya mkato. Ukimwona anaoanisha 1 na 10, 2 na 9, 3 na 8, na kugundua jozi 5 za 11, yaani 55, bila kuonyeshwa na mtu, andika tarehe.

Cha pili ni mchezo wa maswali, unaofanana na vitendawili vya jioni. Weka vitu 16 au michoro 16: sato, kuku, mbuzi, nyuki, muhogo, embe, mchicha, mhindi wenye mizizi, sufuria, jembe, kiatu, kasia, kikombe, kitabu, sahani na redio. Wewe unachagua kimoja moyoni, yeye anauliza maswali ya ndiyo au siyo. Raundi ya kwanza karibu wote hurusha mawe gizani: “Ni sufuria? Ni kuku?” Hesabu maswali. Kisha mfundishe kwa dakika 20 kuuliza swali linalokata kundi katikati: “Kina uhai?” 16 zinabaki 8, “Ni mnyama au mdudu?” 8 zinabaki 4, kisha 2, kisha 1. Maswali manne. Mfanyie mifano mitatu, afanye naye miwili. Kesho yake mletee vitu 16 vingine kabisa, vyenye makundi tofauti, kwa mfano vyote visivyo na uhai, ili “kina uhai” lisimsaidie. Aliyekariri swali atakwama. Aliyeelewa kukata katikati atauliza kama ni cha chuma, kama kinatumika jikoni, kama kinazidi urefu wa mkono wake. Linganisha jana na leo: kushuka kutoka maswali 11 hadi 5 kunasema mengi kuliko kupata 6 siku zote mbili. Na yupo atakayekuambia, hujamuuliza, kwamba vitu vikiwa 32 maswali yatakuwa 5 tu.

Yapo ya kuharibu kipimo hiki, na tumeyaona yote. Watoto wakipangwa foleni, wa tano ameshasikia majibu ya wanne. Mpime mmoja mmoja, nyuma ya darasa au chini ya mti, wenzake wakiwa na kazi. Uso wa mwalimu nao husema: mtoto akigusa kitu sahihi wewe ukatabasamu, yeye anasoma tabasamu. Usipime kabla ya uji, wala saa nane mchana chini ya bati. Usipime mara moja ukafunga jalada, kwa sababu siku hiyo anaweza kuwa na homa ya malaria inayoanza. Siku mbili tofauti ni kima cha chini.

Pamoja na mafumbo, tunaweka kaunta buku. Kila mtoto ukurasa wake. Watoto 3 kwa siku, mistari miwili kila mmoja. Kwa darasa la 90 ni siku 30 za shule, wiki 6 kamili. Sheria ni moja: andika alichosema au alichofanya, usiandike maoni yako. “Ana akili” haina kazi. “Aliuliza kwa nini sifuri haina kivuli chake upande wa kushoto” ina kazi, hata kama hukumwelewa. Baada ya wiki 6 soma kurasa zote kwa mkao mmoja. Utashangaa majina yanayorudi, na utashangaa zaidi jinsi usivyokuwa na la kuandika kwa baadhi ya vinara wako.

Kabla ya kusema mtoto huyu ni mzito, kuna mambo ya kuondoa njiani.

La kwanza ni lugha. Mtoto anayetoka Magu ndani huko au Ukerewe, ambaye nyumbani ni Kisukuma au Kikerewe tupu, anaingia darasa la kwanza akiwa anatafsiri kila neno kichwani. Ukimya wake ni kazi anayoifanya. Mpe maelekezo ya mafumbo kwa lugha ya nyumbani, kwa msaada wa mwalimu au mzazi anayeijua, na umruhusu ajibu kwa hiyo hiyo. Tofauti ya matokeo wakati mwingine ni ya kutisha. Mkosi huu unarudi tena sekondari, lugha ya masomo inapogeuka kuwa Kiingereza: mtoto aliyekuwa anabishana na kitabu cha sayansi darasa la saba ananyamaza kidato cha kwanza, na watu wanasema kipaji kimeisha.

La pili ni mwili. Ziwa linatulisha, na ziwa hilo hilo lina kichocho. Huku ufukweni kilichoenea zaidi ni cha tumbo, kisichoonyesha damu kwenye mkojo kama kile cha madimbwi na majaruba ya mpunga bara. Dalili zake ni tumbo kuuma, kuhara, damu kwenye choo, na uchovu ambao watu wazima huuita uvivu. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule hapa Tanzania na kutolewa mwaka 2002 ulikuta kwamba wenye maambukizi mazito walikuwa na kumbukumbu ya muda mfupi iliyo dhaifu na mwitikio wa polepole. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na ugawaji shuleni hufanyika. Mtoto ale kwanza, kwa sababu akimeza tumbo likiwa tupu kichefuchefu humzidi na mwakani atakimbia. Anayecheza majini kila siku ataambukizwa tena, kwa hiyo dozi ya mwaka juzi si hoja.

Macho na masikio ni kazi ya dakika 10. Mwite asome herufi ubaoni akiwa mita 6, kisha mita 2. Mnong’oneze maneno matano kutoka mgongoni pake, hatua moja nyuma, arudie.

La tatu ni gumu kidogo: mtoto mwenye kipaji na kizuizi kwa pamoja. Anakusimulia jinsi injini ya mtumbwi inavyovuta maji ya kupoza, hatua kwa hatua, lakini akisoma aya moja herufi zinamrukia. Alama zake zinatoka katikati, kwa sababu nguvu inafunika udhaifu na udhaifu unafunika nguvu, na hakuna anayemshughulikia kwa lolote. Ukiona pengo kubwa kati ya anachosema na anachoandika, mpime kwa mdomo. Kila mara.

Wasichana wana namna yao ya kupotea. Wakifika miaka 10 au 11 wengi hujifunza kwamba kujua sana kunaleta maneno, wakaanza kujibu kwa sauti ya chini au kusubiri mvulana ajibu. Tulichoona kinasaidia ni kuondoa mbio za kunyoosha mikono: kila mtoto anaandika jibu kwenye kipande cha karatasi kabla ya yeyote kusema, unakusanya, unasoma. Majina ya juu yatabadilika wiki ya kwanza.

Mtoto wa namna hii mara nyingi ni mgumu kuishi naye, na ni haki wazazi waambiwe. Umri wake hauko mahali pamoja. Akiwa na miaka 7, mawazo yake yanaweza kuwa ya 11, mkono wake wa kuandika ukawa wa 7, na machozi yake yakawa ya mtoto wa 5. Anaona kichwani mtumbwi kamili wenye tanga, mkono unachora kitu kama ndizi, anachana karatasi na kulia. Huko si kudeka. Atauliza habari za kifo baada ya kusikia mtumbwi umezama, na atauliza usiku, wiki nzima. “Hayo si ya watoto” haimtulizi. Inamwacha peke yake na hofu ya mtu mzima. Mjibu kwa ukweli mfupi, kisha umuulize yeye anafikiri nini. Darasani, kazi ya dakika 40 anaimaliza kwa 10, na dakika 30 zilizobaki ndizo zinazompatia jina la mtundu.

Adabu nayo tuiseme waziwazi. Mtoto anayeuliza sana huitwa kimbelembele, na wapo wanaochapwa kwa swali. Hatuoni sababu ya kuchagua kati ya heshima na udadisi. Mfundishe mlango wa kupitia: “Shikamoo babu. Samahani, naomba kuuliza.” Wazee wa mwaloni, wanaomfukuza mtoto anayedandia mazungumzo, humjibu huyo huyo kwa saa nzima akibisha hodi vizuri. Na kucheza: mtoto anayesimama nyuma ya wachezaji wa drafti au bao akinong’ona hatua inayofuata kabla haijachezwa, asiondolewe. Mpeni kete.

Ukishamjua, usimwongezee mzigo ule ule. Kumpa hesabu 40 badala ya 20 ni adhabu ya kujua, na atajifunza kufanya polepole. Fanya hivi: katika maswali 20, weka nyota kwenye 5 yaliyo magumu zaidi. Yeyote anayetaka, si yeye tu, anaweza kuanza na hayo. Akipata 4, mengine amesamehewa. Muda uliobaki ni wa swali la wiki. Mfano tunaoupenda: pima urefu wa jiwe kubwa la kiwanja cha shule bila kulipanda. Mwanza mawe hayakosekani. Simika fimbo ya mita 1, pima kivuli chake, pima kivuli cha jiwe hapo hapo. Fimbo ikiwa na kivuli cha sentimita 80 na jiwe mita 9.6, jiwe lina mita 12. Pima saa tisa au saa kumi alasiri. Huku karibu na ikweta kivuli cha saa sita ni kifupi mno, na kosa dogo la rula linakuwa kubwa. Jiwe lenye mteremko litampa jibu la uongo, na kugundua kwa nini ndilo somo lenyewe.

Kumfanya mwalimu msaidizi kila siku ni kosa jingine. Mara moja moja ni vizuri. Kila siku, amekuwa kibarua, na wenzake wanamchukia.

Kumrusha darasa kunawezekana lakini kusifanywe kwa furaha ya mkutano wa wazazi. Tazama kama anapata 80 au zaidi katika kazi za darasa la juu, kama mkono unamudu kuandika kwa kasi yao, na kama yeye mwenyewe anataka. Mpeleke kwa masomo mawili kwanza, wiki 6, mkikubaliana mapema kwamba kurudi si aibu.

Mzazi akiitwa shuleni huja amejiandaa kwa kesi. “Marahaba mwalimu. Kafanya nini tena?” Mwambie ulichoona, kwa kusoma kaunta buku, si kwa sifa. Neno “mwanao ana akili kuliko wote” linavunja nyumba: ndugu zake wanapimwa naye mezani, na yeye anaanza kuogopa swali lolote ambalo huenda akalikosa. Mwombe vitu vitatu vinavyowezekana: nusu saa ya mwanga jioni, ruhusa ya kwenda Maktaba ya Mkoa pale mjini Jumamosi, na swali moja la kikazi kwa siku. Mama anayeuza dagaa anaweza kumuuliza: nimenunua magunia 4 kwa bei hii, yametoa sado hizi, nimepoteza sado 3 kwa mvua, niuze kila sado iliyobaki shilingi ngapi nisipate hasara?

Wazazi hutuuliza sana habari za shule za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Ni shule nzuri, na wanaokwenda huko huchaguliwa kwa alama za mtihani wa mwisho wa msingi. Ndiyo maana kazi ya kumtambua haiwezi kuachiwa mtihani huo. Wala tusikate tamaa na aliyechelewa. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mwaka 1922, aliingia darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12.

Na yule wa taa na mwezi, usimjibu haraka. Mpe tochi ya mkononi na rafiki mmoja, na mtu mzima wa kuwasindikiza. Usiku wa giza, rafiki ashike tochi kwenye mchanga, yeye arudi nyuma akihesabu hatua hadi mwanga usionekane ukiangaza mchanga. Aandike. Wiki mbili baadaye, mbalamwezi ikiwa imejaa, arudie pale pale kwa tochi ile ile yenye betri mpya. Kisha mkalishe na hizo namba mbili, na umwachie yeye awaeleze wavuvi.